Shibiri Moja Kushoto

Bastola ilikuwa inapiga kushoto. Si sana, shibiri moja tu. Lakini shibiri moja kando ya uso wa mtu ni hewa tupu, na hewa haifi.

Chabani aliipokea Jumatatu asubuhi, kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli na cherehani pale Gitega, miaka michache baada ya uhuru, enzi ambayo mwenye bunduki hakuhitaji jina. Huyu aliyeileta walimwita Komanda, basi. Alitoka Muyinga. Alieleza bila haya kwamba amemfyatulia mtu risasi tano kwa umbali wa hatua nne, zote zikapita kando, na yule mtu akacheka.

"Ijumaa mi nataka iko sawa," alisema. "Na we utasimama kando ya shabaha. Fundi wa daraja si ndiye anapita wa kwanza?"

Chabani aliogopa, lakini alikuwa na ugonjwa wa mafundi: kitu kibovu kikiwekwa mezani, anasahau ni cha nani. Alisimamisha mlango wa zamani uani, akatia doa la mkaa, akalaza bastola juu ya gunia la mchanga ili mkono wa mtu usisingiziwe. Risasi tano, tundu moja, shibiri moja kushoto. Akafurahi, mjinga. Risasi zikitawanyika, ubovu uko kwenye mtutu. Zikikusanyika pahali pamoja, ni kile kijino cha kulengea kwenye ncha ya mtutu tu. Akachukua tupa, akakwangua ubavu wa kulia wa kijino, akapiga tena. Shibiri moja. Akakwangua tena. Shibiri ile ile. Kufika Jumatano kijino kilikuwa chembamba kama wembe, na tundu mlangoni halijasogea hata upana wa unywele.

Mkewe Zaituni ndiye aliyesikia kwanza. Alisema kila risasi ikitoka, mwanamke anaguna, kama anayesukuma jiwe la kusagia. Chabani akamwambia arudi jikoni kwake. Kisha akaibana bastola kwenye jiliwa la kushikia vyuma, jiliwa lenyewe limefungwa kwa boliti kwenye meza ambayo wanaume watatu hawakuweza kuiinua, akafyatua kwa kamba akiwa mbali, na mchana ule mweupe, kuku wakidonoa, akaiona meza nzima ikigeuka kushoto polepole, miguu yake ikilima udongo, harufu ya damu na chumvi ikimjaa puani, na aliposogea akakuta juu ya mafuta ya mtutu alama za vidole vinne, vyeupe kwa chumvi.

Alhamisi walikuwa Gashoho, kwa Bi Kulthumu, aliyetoa majini kwa ubani na matusi. Aliiweka bastola mapajani mwa Zaituni, akafukiza, akaanza kutukana. Zaituni akajitupa ukutani mara tatu, akajing'ata mdomo mpaka nyama ikaning'inia, ndipo sauti isiyo yake ikatoka.

"Mi Riziki. Komanda alinipiga nayo sokoni Muyinga, mzigo wa chumvi uko kichwani. Hakuna aliyenizika. Sasa nasukuma. Sitaki aje mwingine huku."

Bi Kulthumu akaacha kutukana. Akakifunika chetezo, na huyo mama hakuwa na desturi ya kukifunika.

"Umesikia kazi anayofanya?" alimnong'oneza Chabani. "Nikimtoa, itapiga palepale jicho linapoangalia."

Chabani alitazama damu kidevuni mwa mkewe. Akafikiria kichwa chake kando ya shabaha.

"Ijumaa ni kesho, bibi. Mtoe."

"Anayetolewa hupewa pa kwenda. Msitu, ziwa. Sema wewe."

"Popote," alisema Chabani.

Ijumaa alfajiri alichomelea kijino kipya, kipana kama kile cha kwanza, kwa sababu kile cha kwanza hakikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Komanda alikuja kabla ya sala. Aliweka papai juu ya kigogo, akamsimamisha Chabani upande wa kushoto, sikio lake shibiri moja kutoka kwenye tunda. Akafyatua. Papai likapasuka, mbegu zikamwingia Chabani ndevuni.

"Fundi kweli," alisema Komanda. Kisha akaagiza ateremshwe mtu kutoka garini. Alikuwa Sefu, yule aliyecheka, mikono imefungwa nyuma. Akasimamishwa palepale kwenye kigogo. Sefu alipoitambua ile bastola mdomo ulimlegea kwa furaha, akamtazama Chabani kama anayemgawia siri, akaanza kucheka tena.

Hakumaliza. Risasi iliingia katikati ya nyusi, na kilichotoka nyuma kilipaka mlango wa zamani, juu ya doa la mkaa, sawasawa.

Tangu hapo nyundo ya Chabani ikawa inapiga kushoto. Imeshamponda vidole viwili. Kijiko chake kinakwenda shavuni. Zaituni, mwenye kovu mdomoni, anamlisha kwa mkono, na kila asubuhi anamfuta chumvi kwenye kifundo cha mkono.

Mwezi wa tatu tangu Ijumaa ile Chabani alichoka, akajifungia kibandani na kisu, akakielekeza kooni. Zaituni, aliyekuwa anachambua maharage nje ya mlango, akasikia mwanamke akiguna ndani, kama anayesukuma jiwe la kusagia. Akausukuma mlango kwa bega, akaingia. Kisu kilikuwa kimezama mpaka mpinini kwenye nguzo ya ukuta, na mumewe ameketi chini analia, shingo yake ikiwa nzima.

Zaituni akapima kwa mkono, kutoka shingoni mpaka kwenye kisu. Shibiri moja.

"Muache," alimwambia yule asiyeonekana. "Muache aende huko uliko."

Mwanamke akaguna tena, na nguzo ikaanza kutoa jasho la chumvi.