Keria ya Baiskeli ya Kijani

Maiti ya Calist ilikutwa imelala kifudifudi kwenye njia ya warina asali, si mbali na Itigi mjini. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Ndoo zake za asali zilisimama pembeni, vifuniko vimefungwa vizuri, na sisimizi walikuwa wamefika kabla ya polisi. Baiskeli haikuwepo.

"Ameuawa kwa ajili ya baiskeli," alisema Koplo Rukaiya. "Mji mzima unaijua ile ya kijani."

Inspekta Alute alikuwa mtu mzito wa maneno, na maiti humfanya mzito zaidi. Alichuchumaa kwenye vumbi akiitazama keria ya chuma iliyolazwa chini ya kichaka.

"Mwizi gani anafungua keria?"

"Labda ilimwelemea, afande."

"Mwizi anapanda, anakimbia. Huyu kaua mtu, halafu akakaa chini na spana. Tazama hapa."

Rukaiya aliinama. Bolti zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu ya keria, na kila nati ilikuwa imezungushwa kwenye bolti yake.

"Mimi na wewe tungezitupa," alisema Alute. "Fundi hazitupi. Hata nyumba ikiungua, akishafungua nati anairudisha kwenye bolti yake isipotee. Mkono unafanya wenyewe."

Mafundi baiskeli wa Itigi wanahesabika, na mmoja wao, Nathan, alikuwa mdogo wa marehemu. Alute na Rukaiya walilijua hilo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Nyumbani kwa marehemu, karibu na reli, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Mama yake, Martina, aliketi katikati ya wanawake, kanga imeshuka mabegani.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, baba. Mmempata?"

"Bado, mama."

"Nilikuwa nao wawili tu. Sasa amebaki Nathan. Ndiye ananiletea unga, ndiye ananipeleka hospitali." Alimshika Alute mkono. "Mtafuteni aliyefanya hivi. Lakini na Nathan mniangalizie, wasije wakanimalizia na huyo."

Alute alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amekamata majambazi wenye bunduki bila kutetemeka, na sasa alishindwa kumtazama bibi kizee usoni. Hata hivyo aliuliza, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

"Ile baiskeli, Calist aliinunua wapi?"

"Hakununua. Aliitengeneza Nathan kwa vipande vya mtumba. Mwaka mzima alikuwa anahangaika nayo. Basi, baiskeli ya Calist ilipokufa, nikamwambia Nathan amwachie kaka yake hiyo. Calist ana watoto, anabeba asali. Yeye hana hata mke, anaenda wapi na baiskeli ya kupendeza?"

"Akakubali?"

"Nathan hajawahi kunibishia."

Nathan alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni za msiba. Kijana mwembamba, mpole. Macho yalikuwa mekundu, na kilio chake hakikuwa cha uongo.

"Jana ulikuwa wapi, Nathan?"

"Kijiweni kwangu, afande."

"Nani alikuona?"

"Wapita njia."

"Tufungulie chumba chako."

Nathan aliliweka shoka chini taratibu, akatoa ufunguo. Ndani, kitu kirefu kilining'inia kwa kamba kwenye mti wa paa, kimefunikwa shuka safi. Rukaiya aliivuta shuka, na kwa muda, wote wawili walisahau walichofuata.

Baiskeli ilikuwa nzuri, hakuna wa kubisha. Haikuwa ya mbio, wala haikuwa ya milimani. Ilichukua uzuri wa zote mbili. Fremu nyembamba, usukani ulionyooka, tairi zenye upana wa kutosha kuuvuka mchanga wa Itigi lakini nyepesi kwenye lami. Waya za breki zilipita ndani ya fremu, hazikuonekana. Rangi ilikuwa ya kijani cha majani machanga ya mahindi. Nyuma tu, kwenye bomba za fremu, palikuwa na matundu yaliyotobolewa ovyo kwa ajili ya keria. Mtu alikuwa ameyaziba kwa nta na kuyapaka rangi.

"Ungebadilisha rangi," alisema Alute. "Ungeitawanya vipande. Tusingeijua."

"Ningeitawanyaje, afande?"

Lilikuwa swali la kweli. Alute alimpa onyo kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Nathan aliketi kitandani.

"Nilimfuata njiani nimsihi," alisema. "Alishaitoboa fremu bila kuniuliza. Nikamwambia, kaka, nitakutengenezea nyingine ya chuma, ya mizigo, hii nirudishie. Akacheka. Akasema baiskeli ni punda, kesho anaipeleka ikachomelewe vyuma na ubavuni. Akageuka kufunga ndoo. Spana ilikuwa mkononi."

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilikusudia anyamaze." Alifuta uso kwa mkono. "Maisha yangu yote naziba pancha za watu, afande. Kitu kizuri nilitengeneza hicho kimoja. Mama akasema toa, nikatoa. Nikawa naiona kila siku inapita na ndoo, inakufa."

"Na Calist?"

"Calist nilikuwa nampenda," alisema Nathan, akaanza kulia.

Walimtoa kwa mlango wa nyuma, lakini nyumba ya msiba haina siri. Martina alikuwa amesimama uani. Aliiona pingu, akaiona baiskeli mikononi mwa Rukaiya. Hakupiga yowe. Wanawake waliokuja kumshika aliwasukuma.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Hamwezi kuniachia azike, halafu mumchukue?"

"Sheria hainiruhusu."

Nathan alimwita mama yake mara moja tu, kwa Kinyaturu, kama mtoto anavyoita. Hakuitikiwa. Rukaiya akampandisha kwenye gari, akafunga mlango.

Martina alimsogelea Alute mpaka karibu kabisa, akasema polepole, kama mtu anayeandikisha maelezo kituoni.

"Mimi ndiye niliyemwambia mdogo ampe mkubwa. Na hiyo ni kesi, baba?"

"Hapana, mama. Hiyo si kesi."

"Ingekuwa kesi," alisema Martina, "na mimi leo ningekuwa na pa kwenda."