Kasuku wa Marehemu na Mwanangu Aliyenizika Hai

"Mwenye kasuku huyu alishafariki, bibi. Ndivyo alivyotuambia aliyemleta."

Jamani, wajukuu zangu mnaosoma hapa... mwenye kasuku ni MIMI!

Nilishika wavu wa banda la ndege nisianguke. Na si kwa uzee. Kwa hasira!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi saa. Alifuga kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tukamwita Mkia Moto. Alikaa naye kwenye meza ya kazi miaka na miaka, mpaka ndege akachukua sauti yake. Sauti, kikohozi, hata ile "ahaa!" ya mzee akiipata skrubu iliyodondoka.

Mzee akafa. Sauti yake ikabaki sebuleni kwangu. Kila jioni tulitegeana vitendawili, mimi na ndege.

Halafu siku moja narudi kutoka kliniki ya macho... tundu tupu!

"Mama, karuka," mwanangu akaniambia. "Mke wangu kasahau kufunga mlango wa tundu."

Mkwe wangu akainamisha kichwa.

Nilimnunia huyo mwanamke! Chai yake siinywi. Salamu yake naiitikia kwa kuguna. Mwaka mzima.

Sasa juzi akanijia chumbani.

"Mama, Jumamosi twende kwenye hifadhi ya wanyama wa kigeni. Kuna simbamarara, kuna kangaruu..."

"Kangaruu ananihusu nini mimi?"

"Mama, twende tu. Nakuomba."

Mwanangu akapinga. Mara jua kali, mara gari bovu, mara miguu ya mama. Mkewe akashikilia uzi uleule. Tukaenda.

Simbamarara tulimkuta kalala kama mlevi. Kangaruu anajikuna tumbo.

"Bibi, mtoto wa kangaruu akibanwa haja anaomba ruhusa?" aliuliza mjukuu wangu, yule tunayemwita Kidomo.

"Muulize baba yako, ndiye aliyesoma."

Baba yake wala hakusikia. Anaangalia kibao cha mabanda ya ndege huku jasho linamtoka.

"Huko hapana," akasema. "Ndege wananuka. Turudi kwenye gari."

Mkwe wangu akanishika mkono.

"Mama, twende."

Hatujafika hata mlangoni, nikasikia...

"Kho! Kho! Ahaa!"

Mume wangu!!!

Nilipenya katikati ya watu kama msichana. Nikapaza sauti:

"Kitendawili!"

"Tega!" sauti ya mzee ikanijibu.

"Anajua jina langu, hanijui mimi!"

"Kasuku! Kasuku!"

Kitendawili hicho alikitunga mzee mwenyewe, mezani pake. Huwezi kukikuta kitabuni.

Ndipo mtunza ndege aliponisogelea na yale maneno yake, eti mwenyewe alishafariki.

"Aliyemleta alikuwa mwanamke?" nikamuuliza, macho nimemkazia mkwe wangu.

"Hapana, bibi. Mwanamume. Yule pale, anayejibanza nyuma ya mama mwenye mwavuli."

Mwanangu!!! Wa tumbo langu hili!

"Wee! Njoo hapa!"

"Mama, tuongee nyumbani..."

"Hapa hapa! Ulinizika lini? Kaburi langu liko wapi nikalipalilie?"

"Mama, kila asubuhi ananiamsha kwa sauti ya baba. 'We mvivu, bado umelala?' Nina mke, nina mtoto! Baba kafa, bado ananigombeza!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Si ungeniambia? Ningemhamishia chumbani kwangu! Ukaona bora uniue?"

Nikamgeukia mkwe. Hasira zilikuwa bado zimenijaa kifuani.

"Na wewe! Mwaka mzima unabeba lawama mdomo umefunga?"

"Aliniapisha nisiseme, mama. Lakini kukuleta hapa hakunikataza." "Na ningesema... ungemwamini nani, mimi au mwanao?"

Jamani. Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Nikamwambia mtunza ndege, "Nipe kasuku wangu."

"Bibi, sisi tunapokea ndege wasio na mwenyewe. Kama uko hai, ni wako. Ila aliyesema umekufa aje aseme kuwa hujafa. Kwa mdomo wake."

Mwanangu akautazama mlango wa kutokea. Watu wamejaa. Wengine wameshatoa simu.

"Baba, si useme tu?" Kidomo akamvuta shati. "Bibi si huyu hapa?"

"Mama yangu... hajafa. Nilidanganya."

"Sauti!" nikamwambia. "Hata ndege hajasikia!"

"NILIDANGANYA!"

Mkia Moto akapiga mbawa: "Ahaa!"

Tulirudi, Mkia Moto ndani ya tundu mapajani kwangu, mwanangu kwenye usukani. Kufika nyumbani nikamwomba mkwe wangu chai. Nikanywa vikombe viwili, cha tatu nikakimwaga kidogo kwa sababu ya kulia.

Tundu nimelitundika dirishani kwa mwanangu. Kila alfajiri: "We mvivu, bado umelala?" Alale na pamba masikioni!

Ninyi wenye mama zenu, kitu cha mama kikikuchosha, mwambie mama mwenyewe. Usimuue kwa mdomo wako ili upate usingizi. Na ninyi wenzangu wenye wakwe, kabla hujamnunia mtoto wa watu, muulize. Mimi sikuuliza.

Jana jioni tulikaa wote sebuleni. Nikatega kile cha mzee:

"Anajua jina langu, hanijui mimi!"

"Kasuku!" akajibu Mkia Moto.

Nikamtazama mwanangu usoni mpaka akainama.

"Umekosa," nikamwambia ndege. "Nipe mji."