Jina Lililoitika

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, mwaka 1908, Kidawa alipofika kwa Mwalimu Abeid pale Miburani kuulizia jina la ukoo la Ngwarashi. Mumewe, Mfaume, ndiye peke yake aliyebaki nalo kisiwani. Mtoto wao Shamte, wa miezi mitano, alikuwa amekataa ziwa tangu juzi. Mganga alisema kuna mzee wa ukoo aliyesahauliwa katika hitima. Asipotajwa pamoja na marehemu wenzake, mtoto haponi.

Kidawa alisomeshwa chuo cha Kurani na mwalimu huyu tangu utotoni, kwa hiyo wakagawana vitabu vya ndoa vya msikiti. Kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa.

“Jina lenyewe kama la samaki,” Mwalimu alitania. “Ndiyo maana haliingii wavuni.”

Karibu na adhuhuri likaingia. Makame bin Kombo Ngwarashi, wa Kisiwa cha Bwejuu. Ameoa. Basi.

Kidawa alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, Mwanahalima, aliyekuwa akipepeta mchele wa hitima.

“Shikamoo, mama. Makame ni nani wetu?”

Ungo ukatulia.

“Marahaba. Ami yake marehemu mume wangu. Yule wa pengo.” Aligusa meno yake ya juu, mbele. “Huyo msimtaje.”

“Kwani hakufa?”

“Watoto wa kijiji walipoanza kufa mmoja mmoja, wazee walimfukuza kwa uchawi wake. Aliondoka bila kugeuka nyuma.” Sauti ikashuka. “Sijasikia akizikwa.”

Mwalimu alipoambiwa, alitikisa kichwa. “Hayo ya zamani mno, mwanangu. Atakuwa hai mpaka leo? Mtaje.”

Kidawa aliusikiliza ule upumuaji mwembamba wa mwanawe. Akakubali.

Hitima ilisomwa Alhamisi alasiri. Wanaume barazani, wanawake ukumbini, ubani umejaa nyumba nzima. Shamte alikuwa amelala chumbani, nyuma ya pazia. Mwalimu alitaja marehemu mmoja baada ya mwingine, na kila jina likafuatiwa na Fatiha.

“Makame bin Kombo Ngwarashi.”

“Naam.”

Sauti ya mwanamume. Ya upole. Haikutoka barazani.

Ilitoka chumbani.

Hakuna aliyeinuka. Mwanahalima aliweka tasbihi yake chini. Kidawa akafunua pazia.

Hapakuwa na mtu. Shamte tu kitandani, macho wazi, anamtazama. Alipopewa ziwa, akalishika. Alinyonya usiku kucha.

“Amepona,” Mfaume alisema, analia.

Kulipopambazuka, Kidawa alifungua kanga yake dirishani apate kuona vizuri. Ziwa lilikuwa na alama za meno. Juu na chini. Meno makubwa. Juu, mbele, palikuwa na nafasi isiyo na alama.

Alipitisha kidole kinywani mwa mwanawe. Ufizi mtupu.

“Shamte,” aliita.

Mtoto hakugeuka.

Lile jina jingine hakuthubutu kulijaribu. Alimbeba kiunoni, akaenda kwa Mwalimu Abeid, akamkuta anafagia kibaraza.

“Mwalimu, naomba unisomee hitima.”

“Tumesoma jana, mwanangu. Ya nani tena?”

“Ya Shamte.”

Mwalimu aliacha kufagia. Akamtazama mtoto. Mtoto naye alikuwa akimtazama, anatabasamu, midomo ameifumba.