Rangi za Matumbawe ya Hilali

Jua lilipokaribia kuzama, Pelagia alijitwika ndoo ya maji ya mvua akaelekea dukani kwa Hilali, kama alivyofanya kila siku tangu apate kazi ile. Mjini Kasulu, mwaka ule wa sabini na nne, hapakuwa na kazi ya ajabu kuliko yake. Alihudumia mawe. Watu walicheka waziwazi. Mtu katoka Tanga, kafungua duka zuri la kanga na mafuta ya taa, halafu chumba cha nyuma anafuga mawe! Walimwita Bwana Mawe, na Pelagia wakamwita Mama Mawe, naye hakujali. Tangu akimbie kwao na kuvuka mpaka pale Manyovu, miaka miwili nyuma, hakujali mengi.

Alivuka na mdogo wake Winifrida, na mgongoni alimbeba mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, Ntirampeba. Homa ilimchukua mtoto njiani. Walimzika kando ya njia, haraka haraka, kwa jembe la kuazima, na hata angepewa gari leo asingeliona tena lile kaburi. Kilichobaki ni kigauni chekundu na jina. Kigauni alikifunga katika pindo la kitenge chake, hakukiacha nyumbani hata siku moja. Jina alilitaja kila jioni, kwa sauti, hata akiwa njiani na ndoo kichwani. Aliogopa kwamba siku atakayoacha kulitaja, itakuwa kana kwamba mtoto hakuzaliwa.

"Ntirampeba," alisema jioni ile, akasukuma mlango wa uani.

Chumba kilinuka chumvi, na kitu kingine... kama samaki aliyesahauliwa juani. Juu ya meza lilikaa sanduku la vioo, na ndani yake matumbawe. Hilali aliyaleta toka pwani ndani ya pipa la maji ya bahari, kwa reli mpaka Kigoma, kisha kwa lori. Yalipofika, alisema, yalikuwa ya zambarau, ya kijani, ya manjano. Sasa yote yalikuwa ya kahawia, isipokuwa tawi moja dogo pembeni. Hilo lilikuwa la buluu iliyokolea.

Tk... tk... tk.

Sauti ile ilitoka humo ndani mchana kutwa. Hilali alisema ndivyo bahari inavyosema ukiisikiliza chini kabisa.

Alikuwa amejaribu kila njia, masikini. Alitega kioo kikubwa uani kirudishe jua dirishani. Jua likizama, aliwasha karabai. Maji ya bahari yalipopungua, alikoroga maji ya mvua na chumvi ya Uvinza, akionja kwa ulimi mpaka aridhike. Mwanzoni aliyalisha dagaa waliosagwa, yakazidi kuwa ya kahawia, ndipo akakata chakula kabisa.

"Yakishiba yanasinzia, Bi Pelagia," alisema, akisugua kioo kwa kitambaa. "Rangi inaletwa na njaa."

Ukutani palitundikwa picha ya mwanamke anayecheka. Chini yake, kwenye msumari, palining'inia kanga nyeupe pe. Haikuwa na ua, haikuwa na pindo la rangi, haikuwa na hata herufi moja ya maandishi. Kwa mtu muuza kanga, hilo lilikuwa jambo la kushangaza.

"Huyu ni nani, mzee?"

Hilali aliitazama picha kwa muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa njia ya kijiji asichokijua.

"Sijui," alisema. "Niliikuta hapa."

Majirani walikwisha kumwambia Pelagia. Huyo ni Shamsia, mke wake, aliyemzika mwaka jana. Pelagia alidhani uchungu umemfanya mtu akane, akamwonea huruma.

Hilali alichukua kofia yake aende kuswali magharibi. Mlangoni aligeuka. "Chota ndoo moja ya zamani, tia hii mpya. Ya zamani kamwage mbali. Usinawe, tafadhali."

"Kwa nini?"

"Usinawe tu."

Akaenda zake.

Sasa hapa ndipo Pelagia alipokosea, na kosa lake lingefanywa na mtu wa kwao tu. Kwao msiba haukwishi kwa kuzika. Husubiriwa siku ndugu wakutane, wanawe mikono, wamwage maji, wanywe pombe pamoja, ndipo mfiwa anatoka matangani. Wanaita kuganduka. Pelagia hakuwa na ndugu wa kukutana nao wala mtungi wa pombe. Winifrida alimsihi mwezi baada ya mwezi: "Tuganduke, dada. Hata sisi wawili. Utakufa na msiba huo." Na kila mara Pelagia aliuliza jambo moja, watanawa maji gani? Visima vya hapa vina wenyewe, na wafu wa watu wengine hawapendi kuoshewa misiba ya wageni.

Alitazama ndoo aliyochota. Maji haya hayakutoka mto wowote. Hayakuwa na ukoo. Nani angekasirika?

Alichoka, huo ndio ukweli. Alikuwa amechoka sana.

Akafungua pindo, akakitosa kigauni ndani ya ndoo. Akanawa mikono, akanawa uso. Akanong'ona, "Ntirampeba. Ninanawa msiba wako, mwana wanje, mwanangu. Nenda."

Mikono ikafa ganzi. Vidole kwanza, kisha viganja, mpaka viwikoni.

Ile sauti ilikatika.

Kimya...

Kisha kutoka ndani ya sanduku, polepole, ikaja sauti nyingine. Ya kitu kinachonyonya.

Chumba kilinuka maziwa. Pelagia aligeuka. Hakuwa ametia kitu chochote kwenye sanduku. Alinawa kwenye ndoo, sakafuni. Lakini karibu na lile tawi la buluu, ncha ya tawi jingine ilikuwa inaiva, kama kaa la moto linalopulizwa. Wekundu ukashuka taratibu mpaka shinani. Alijua anapaswa kupiga kelele. Alisubiri hofu ije. Haikuja.

Alikamua kigauni bila kukitazama, akakifunga kwenye pindo.

Hilali aliporudi alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umenawa," alinong'ona.

"Ego, mzee," alikubali Pelagia.

"Ulitaja jina?"

"Nilitaja."

Alikaa sakafuni kama mzigo uliotuliwa. "Aliyeniuzia aliniambia nisinawe nikiwa na majonzi, na nikinawa nisitaje jina. Hayo nayakumbuka vizuri. Nadhani nilinawa. Nadhani nilitaja." Alinyoosha kidole kwenye tawi la buluu. "Nilimtaja nani, Bi Pelagia?"

"Shamsia. Mke wako."

Hilali alilirudia jina kinywani taratibu, kama anavyoonja chumvi.

"Jina zuri," alisema.

Njia ya nyumbani ilikuwa nyepesi. Pelagia hakukumbuka lini mara ya mwisho miguu yake ilikuwa myepesi vile. Alipofika kwenye mteremko alifumbua mdomo, kwa mazoea, kusema kitu. Hakikuwapo. Akaufunga, akaendelea kutembea.

Winifrida alikuwa jikoni. Alimpokea kitenge aanike, akafungua pindo, akashtuka.

"Dada! Umekifanya nini kigauni cha Ntirampeba?"

Pelagia alikitazama. Kilikuwa kigauni cheupe pe, kilichoshonwa vizuri, cha mtoto anayeanza kutembea.

"Sijui," alisema. "Nimekikuta humo." Kisha, kwa sababu mdogo wake alimkodolea macho na ilionekana anasubiri neno, akaongeza, "Jina zuri."

Winifrida alilia usiku kucha. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyelitaja lile jina kila jioni, akisimama mlangoni, kwa sauti ya juu. Pelagia alimsikiliza kwa adabu. Alidhani anamwita jirani.

Kesho yake alijitwika ndoo mapema kuliko siku zote. Alikaa mbele ya sanduku, akalitazama tawi jekundu. Lilikuwa zuri kuliko yote. Tk... tk... kisha ile sauti ya kunyonya, na harufu ya maziwa. Hakusikia uchungu wala furaha. Alihisi ubaridi kifuani, akainamisha kichwa kutazama. Blauzi yake ilikuwa imelowa, upande wa kushoto na upande wa kulia, na ilikuwa inaendelea kulowa.

Alipapasa pindoni, akatoa kile kitambaa cheupe, akajipangusa nacho, akaendelea kutazama.