Barua Iliyotoka Mezani Kwake

"Hii umeichapa wewe?"

Sekretari alitamani ardhi ipasuke immeze. Mchumba wake, fundi wa kuchomelea, alisimama mbele ya meza yake na ovaroli lake la moshi, barua mkononi: kuanzia mwezi ujao, mafundi wote wa kiwanda wangekuwa vibarua wa siku.

"Nimeichapa mimi, wiki iliyopita. Bosi alisema ni siri."

"Hata kwangu?"

"Ningefukuzwa, mpenzi."

"Basi kaa na kazi yako. Nyinyi wa ofisini mna feni, joto letu mtalijulia wapi?"

Akaondoka. Siku mbili Sekretari alimpigia simu, haikupokelewa. Alilia chooni, akapaka poda, akarudi mezani. Tena tuseme ukweli, ndani ya machozi yale alikuwa na kafaraja kadogo: yeye ni wa ofisini, hayamhusu.

Weh! Alhamisi bosi aliamua kuchapa barua nyingine mwenyewe, kimyakimya. Akasahau kwamba kiwanda kizima kina printa moja, na iko mezani kwa Sekretari. Ikatema ya mhasibu, ya karani wa stoo, ya dada wa mapokezi. Ya nne ilikuwa yake. Maneno yaleyale aliyowachapia mafundi, hata koma zilikuwa zake.

Bosi akatoka mbio.

"Hiyo yako ilichanganyika tu. Ilete niichane. Wewe ni mtu wetu, ila ukae kimya."

Sekretari aliitazama barua, akaitazama na pete kidoleni. Kisha akazikusanya zote nne, akawaita wenzake watatu, wakashuka karakana. Mitambo ikanyamaza. Fundi alimwona akivuka mstari wa njano na viatu vya kisigino, akavua kofia yake ngumu, akamvisha.

"Huku huingii kichwa wazi."

"Nisamehe. Nilidhani nikinyamaza nitapona peke yangu."

Fundi aliichukua barua ya Sekretari, akaisoma.

"Na mimi nisamehe. Nilikuweka upande wa bosi, kumbe sote tuko chungu kimoja."

Walikubaliana palepale. Mafundi hawakuwasha mtambo, ofisi haikutoa hati hata moja ya mzigo. Malori matatu yalishinda getini, madereva wakipiga honi hadi wakachoka. Saa kumi maji yalimfika bosi shingoni, akatamka mbele ya wote kwamba barua zote zimefutwa. Sekretari akaichapa hiyo ya kufuta, bosi akatia saini, nayo ikabandikwa ofisini na karakana.

Akiwa anafunga droo, ikaingia meseji ya Fundi kwenye simu: "Mama ofisi, harusi bado ipo?"

Akajibu huku machozi yakimtoka: "Ipo. Kadi nitachapa mwenyewe, na safari hii wa kwanza kusoma ni wewe."