Kilo Tatu za Uongo

Walikutana benki, mwisho wa mwezi, foleni imejikunja mara nne na feni moja tu ndiyo inayozunguka. Mbele ya mwanamume mmoja alisimama mwanamke mrefu aliyevaa gauni la njano na raba nyeupe zilizochakaa kwenye vidole, begani kaning'iniza mkoba ambamo kichwa cha raketi ya tenisi kilikuwa kinachungulia. Mwanamume wa nyuma alijizuia dakika kumi nzima. Ya kumi na moja ikamshinda. Akanyoosha kidole, akazigonga zile nyuzi.

Mwanamke akageuka. "Kaka, hicho ni chombo cha kazi, si gitaa."

"Ndiyo maana nasikitika, dada. Kinalia kama sufuria. Nani kakufungia nyuzi hizi?"

"Unamjua, hata umtukane?"

"Namjua kwa kazi yake. Huku kakaza, huku kachoka, akaenda kula."

Alicheka, na hapo ndipo yule mwanamume alipoitambua sura, maana ilikuwa haikauki magazetini. Ni yule mchezaji ambaye watazamaji walimwita Chuma, kwa sababu alikuwa hajui kukata tamaa. Mwanamume akataka kurudi nyuma hatua mbili, lakini foleni ilikuwa haina nafasi ya kurudi popote.

"Na wewe ukifunga, inaliaje?" Chuma akauliza.

"Hailii. Inaitikia."

Kesho yake Chuma alikwenda kumwona. Fundi, kama alivyoitwa na kila mtu, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya viwanja vya klabu: mashine ya kukazia nyuzi katikati, koleo na makasi ukutani, harufu ya mpira mpya na chai. Alifunga raketi ile kwa dakika arobaini bila kusema neno. Mwisho akabandika stika ndogo kwenye shingo ya raketi, akaandika tarehe na kilo za mkazo wa nyuzi: ishirini na sita. Mchezaji hawezi kuona kilo za uzi kwa macho, anaisoma stika na kuamini. Kazi yote ya Fundi ilisimama juu ya kijikaratasi hicho.

Mapenzi yao yalianza hivyo, yakakolea kwa simu, maana Chuma alikuwa mtu wa safari.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mpira wa usoni. Wewe?"

"Mimi nakula upweke. Hauna chumvi."

"Haya, mshairi, kalale."

Mwaka haujaisha Fundi akasema anataka kuoa. Chuma akamshika mkono, akamjibu bila kuzunguka. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mara tatu amefika fainali ya kombe kubwa la taifa na mara tatu amerudi na sinia la mshindi wa pili; mama yake alikuwa anayatumia yote matatu kubebea vikombe vya chai.

"Nikilibeba lile kombe, kesho yake nakuja kwenu na masanduku yangu," alisema. "Au mkono ukinikatalia kabisa. Kimoja kikitokea, mimi ni mkeo. Niko kwenye ndoa nyingine, Fundi, na siwezi kuwa na waume wawili."

Fundi akakubali. Mtu anayependa hukubali masharti ambayo asingeyakubali dukani.

Kisha kiwiko kikaanza. Mwanzo kilikuwa kama mwiba, baadaye kama moto. Asubuhi moja alikaa pale karakana ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa hauwezi kukiinua, machozi yanamtoka na yeye anajifanya ni mvuke wa chai. Daktari alikuwa amemwambia apumzike miezi sita.

"Tulegeze nyuzi," Fundi akasema. "Ishirini na tatu. Mkono utapata nafuu."

"Nyuzi za kulegea ni za wazee. Siku nitakayocheza na ishirini na tatu ndiyo siku nitakayostaafu. Funga ishirini na sita."

Akaenda mazoezini. Fundi akabaki na raketi tatu mbele yake, na picha ya kile kikombe haitoki machoni. Akazungusha kitufe cha mashine mpaka ishirini na tatu. Akafunga zote tatu. Akaandika ishirini na sita.

Wiki moja baadaye simu ikaita.

"Fundi! Mkono umepona. Nakwambia umepona wenyewe. Leo nimecheza saa mbili, hata sikuukumbuka."

Hapo ndipo pa kusema. Alijua hata wakati ule kwamba ndipo. Lakini sauti ya upande wa pili ilikuwa na furaha ambayo hakuisikia kwa miezi, na yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu peke yake kama mwehu.

"Si nilikwambia wewe ni Chuma," alisema.

Uongo wa kwanza uliomba wa pili, na wa pili ukaomba stika mpya kila wiki, kwa miezi kumi na minne. Na tazama alichojifanyia mwenyewe: mkono ungekataa, angeoa, lakini yeye ndiye aliyeuzuia usikatae. Mama yake Fundi alishaacha kuuliza harusi ni lini, akabaki kuuliza, "Hivi mkwe wangu bado anacheza tu?"

Ndipo akatokea Kinda. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, kaptula imemzidi, bazoka ya kutafuna mdomoni hata akisalimia wakubwa, na mkono wa kulia ambao hakuna mtu aliyeona mfano wake. Aliwapanga wachezaji wakubwa mmoja baada ya mwingine na kuwapeleka nyumbani. Yeye naye alifungiwa nyuzi na Fundi, ishirini na saba, na stika yake ilisema ishirini na saba.

"Katoto kale kananiudhi," Chuma alisema siku ratiba ya kombe ilipotoka. "Kananiamkia shikamoo pale kwenye neti kama mimi bibi yake, halafu kananikimbiza kama nimemwibia."

"Ana adabu."

"Adabu yake aiweke kwenye mipira."

Wakafika fainali wote wawili, Chuma na Kinda. Jioni ya kuamkia siku hiyo Chuma alipiga simu, sauti yake nyepesi kama ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

"Nikishinda kesho, kesho kutwa niko kwenu. Mwambie mama atoe vile vyombo vya wageni."

"Alishavitoa. Vimekaa mezani tangu Jumatatu."

"Fundi."

"Naam."

"Asante kwa kuningoja."

Siku ya fainali jua lilikuwa kali mpaka viti vya plastiki vilikuwa vinachoma mapaja. Chuma aliingia na sketi nyeupe na kitambaa chekundu kichwani. Alikuwa na raketi mbili tu. Ya tatu ilipasuka fremu kwenye nusu fainali. Kinda akamwamkia kwenye neti, uwanja ukacheka, Chuma akaitikia "marahaba" kwa meno.

Seti ya kwanza ilikwenda kwa Kinda, ya pili kwa Chuma. Katikati ya ile ya pili raketi moja ikakatika uzi. Ni jambo la kawaida. Mhudumu akaichukua akaipeleka kwenye meza ya fundi wa mashindano, chini ya jukwaa upande wa pili, ifungwe upya. Fundi wa mashindano alikuwa mgeni. Yeye angefunga kama stika inavyosema.

Kule jukwaani, Fundi alisimama.

Kutoka kiti chake mpaka meza ile zilikuwa hatua arobaini. Kilichotakiwa ni maneno matatu: ishirini na tatu. Lakini yule mgeni angeuliza mbona stika inasema vingine, na kabla ya jua kuchwa habari ingemfikia Chuma. Akajiambia bado anayo raketi nzima mkononi. Akajiambia huenda hiyo nyingine isihitajike kabisa. Watu wa nyuma wakaanza kumwambia, "Mzee, kaa, tunaona mgongo wako tu." Akakaa.

Seti ya tatu Chuma alikuwa mbele, gemu nne kwa mbili. Alicheza siku ile kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Kinda alikuwa anakimbia kila kona na bazoka ameshaitema. Halafu raketi ya pili ikakatika uzi. Chuma akaenda kwenye benchi, akatoa ile iliyorudishwa kutoka kwa fundi wa mashindano, akaisoma stika, akarudi.

Mpira wa kwanza ukaingia kwenye neti. Wa pili pia. Akaiangalia raketi, akazigonga nyuzi kwa ngumi. Mpira wa tatu alipoupiga, Fundi aliona kiwiko kinavyoruka, na uso wa mpenzi wake ukabadilika pale pale. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutana njiani na deni alilodhani limefutwa. Hakushinda gemu nyingine. Sita kwa nne. Kinda hakuruka wala hakupiga kelele. Alisimama kwenye neti akamsubiri mkubwa wake aje, akampokea kwa mikono miwili.

Simu ikaja baada ya saa moja.

"Nimemfuata yule fundi nimtukane," Chuma alisema taratibu mno. "Nimemwambia amefunga mbao, si nyuzi. Akatoa kipimo akapima mbele yangu. Ishirini na sita kamili. Kisha nikamletea ile iliyopasuka fremu kwenye nusu fainali, ilikuwa bado garini, nyuzi ulizofunga wewe ziko nzima. Akaipima. Hebu niambie ilisomaje."

"Ishirini na tatu," Fundi alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kikombe."

"Miezi kumi na minne." Akavuta pumzi. "Kila nilipokwambia mkono umepona, ulikuwa unanicheka?"

"Nilikuwa nafurahi, mpenzi. Wallahi nilikuwa nafurahi."

"Kinda unamwandikia kweli."

"Kinda simpendi."

"Basi afadhali nisingependwa," alisema, akakata.

Fundi alipiga simu mara thelathini wiki ile, haikupokelewa. Gazeti likaandika kwamba Chuma amestaafu. Mama yake Fundi akavirudisha vyombo kabatini kimya kimya, kimoja kimoja, na hakuuliza.

Ikapita miezi minane. Siku moja Kinda alikuja kuchukua raketi zake, akasimama mlangoni anazungusha funguo.

"Fundi, ile siku mimi sikumshinda. Nataka ujue najua."

"Kombe liko kwako, mwanangu."

"Liko kwangu. Nilikwenda nalo kwake, nikamwambia anifundishe. Kakubali. Tunaondoka kesho, mwaka mzima nje." Akasita. "Nimemwambia aje kukuaga. Sijui kama atakuja."

Chuma alikuja saa kumi, amevaa lile gauni la njano. Alikuwa amenenepa kidogo, na ulikuwa unene wa kupendeza. Akaweka raketi moja mezani, haina nyuzi.

"Nifungie."

"Kilo ngapi?"

"Ishirini na tatu. Nimeshastaafu."

Fundi akaibana raketi kwenye mashine. Kazi ya dakika arobaini, na alijua hana nyingine zaidi ya hizo. Akaifanya polepole kuliko siku zote, na Chuma akaona, wala hakumharakisha.

"Kuna kitu hujui," Fundi alisema, macho kwenye uzi. "Siku ile, raketi ilipopelekwa mezani, nilisimama. Nilitaka kwenda kumwambia yule fundi. Nikaogopa kwamba utajua. Nikakaa."

Nje mtu alikuwa anapiga mpira ukutani.

"Nilikuona," Chuma alisema. "Nilikuona ukisimama. Nikasema moyoni, Fundi wangu ameshindwa kukaa, kaona nashinda. Nguvu niliyomalizia seti ya pili niliipata hapo."

Mkono wa Fundi ukasimama juu ya mashine. Alitamani angetukanwa.

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Ningekuwa sijakusamehe ningekuja na mdogo wangu wa kiume." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Kinachoniuma ni kingine. Ungenifungia ishirini na sita kama nilivyosema, mkono ungekataa ndani ya mwezi. Ningelia wiki nzima, hapa hapa kwenye kiti hiki. Halafu ningekuwa mkeo. Sasa hivi tungekuwa tunagombana nani kaacha taa inawaka."

"Naweza kuoa hata leo."

"Najua."

"Ukirudi, basi."

"Nikirudi nitakuletea raketi."

Akamaliza. Akakata ncha za nyuzi, akabandika stika, akaandika tarehe, akaandika ishirini na tatu kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuuandika, akampa. Chuma aliisoma stika. Akazigonga nyuzi kwa kidole, kama mtu mmoja alivyowahi kuzigonga benki, zikaitikia. Akatabasamu.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kipimo kidogo, kipya, akakibana kwenye nyuzi na kusubiri namba.

"Ishirini na tatu," alisema. Ndipo alipoinua macho akaona uso wa Fundi. "Samahani. Nimezoea tu."

"Pima," Fundi alisema. "Pima, mpenzi. Ni haki yako."