Marehemu Bado Anajibu

"Nipo salama, wanangu. Msiache kukusanyika. Nitakuja mvua zikikatika."

Fundi pikipiki aliusoma ujumbe huo akacheka, akadhani mtu kakosea namba. Kisha akaliona jina lililo juu yake. Spana ikamtoka mkononi, ikamwangukia kidole cha mguu, wala hakuhisi.

Jina lilikuwa la Mwinjilisti, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Na kuzikana kwenyewe kulikwisha fanyika. Mwaka jana homa ilimchukua, na fundi ndiye aliyeshika upande wa kichwa wakati wa kushusha jeneza.

"Vipi, fundi? Umeona nyoka?" akauliza mteja aliyekuwa akisubiri mnyororo wake.

"Bora nyoka."

Akapiga namba ile. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Haloo?"

Kimya. Lakini mtu alikuwepo. Fundi aliisikia pumzi, na nyuma ya pumzi kitu kikagonga taka-taka-taka, kisha kikasimama ghafla.

"Ndugu yangu... ni wewe?"

Ikakatwa.

Mlio ule wa chuma aliujua. Ilikuwa cherehani, nayo aliisikia kila alipokwenda kumwona mchumba wake. Na mchumba wake ndiye mjane wa marehemu huyo huyo, mshonaji ambaye watu wote walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa mdomo wake unaochoma. Harusi yao ilikwisha tangazwa kanisani.

Akaacha mnyororo wa watu chini, akaenda.

Alimkuta ameinamia gauni la mtoto.

"Karibu, bwana harusi. Umekuja kupimwa suti au kuninukishia nyumba oili?"

Fundi hakucheka. Akasimama mlangoni, akatoa simu, akapiga. Ndani ya droo ya cherehani, katikati ya vifungo, kitu kikaanza kutetemeka.

"Pokea," akasema. "Mumeo anatafutwa."

Mikono ya Sindano ikamwangukia mapajani.

"Ujumbe ule ulikuwa wa watu wa mlimani. Kidole kiliteleza."

"Kidole sijakiuliza. Nauliza anayeandika ni nani."

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu makaburini. Tulipokuwa tunatoka, simu yake ikaita mkobani kwangu. 'Mwalimu, mtoto ana homa, tuombee.' Wao wako nyuma ya mlima, hakuna aliyewapelekea habari. Ningesemaje, na homa ndiyo imemuua huyo mwalimu mwenyewe? Nikaandika, 'Nimeomba.' Kesho yake mtoto kaamka, wakauliza jambo lingine. Nikafungua Biblia yake, nikatafuta, nikajibu. Ndiyo mpaka leo."

"Yaani umewaongopea watu wa Mungu muda wote huu?"

"Wale ni wachanga katika imani! Yeye aliitwa, akaacha kila kitu akawafuata huko, hata mimi aliniacha humu na uzi wangu. Wakisikia kafa, wakarudi walikotoka, si atakuwa kafa bure?" Akashusha sauti. "Halafu nikiandika namsikia. Anasimama hapa begani, ananisomea. Nikinyamaza anaanza kuhema."

Fundi akalitazama bega lile. Hapakuwa na mtu, lakini nywele za kisogo zikamsimama.

"Kwa hiyo mimi naoa wangapi? Mchungaji akiuliza mwenye pingamizi, huyu atajibu kwa simu?"

Sindano akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha.

"Waambie, mpenzi," fundi akasema. "Usipowaambia, harusi hakuna. Siwezi kuishi na mke ambaye mume wake yuko kwenye droo."

"Msiba hautumwi kwa ujumbe. Nikaseme kwa kinywa changu. Utanipeleka?"

Fundi akairudisha simu yake mfukoni.

"Unajua aliniomba mara ngapi twende naye? 'Acha vyuma hivyo, tumfuate Bwana.' Nami namwambia, 'Ngoja nimalize injini hii.'"

"Injini zimekwisha?"

"Haziishi."

"Basi twende."

Walipanda kwa pikipiki ya marehemu, maana ndiyo iliyoizoea njia ile ya mawe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Walipoanza kona za mwisho simu ikatetemeka kifuani kwa Sindano. Akaisoma, akampitishia fundi mbele ya macho.

"Tunaisikia pikipiki yako, Mwalimu. Tumekusanyika."

Nusura fundi awatumbukize mtaroni.

Kanisa lilikuwa la udongo, mabenchi ya mbao, na mbele kiti kimoja kitupu kilichotandikwa kitambaa safi. Watu wakasimama wote. Mlangoni alikuwepo bibi mmoja mwenye mkongojo. Cha kutisha, hakuna aliyechungulia nyuma yao kumtafuta mwalimu.

Sindano hakungoja kukaribishwa.

"Mwalimu amekufa," akasema. "Tangu mwaka jana. Aliyekuwa akiwaandikia ni mimi, mkewe. Nimewaongopea. Nisameheni."

Bibi akausogeza mkongojo, akamkaribia.

"Tunajua, mwanangu," Bibi akasema.

"Mnajua?"

"Mwalimu alikuwa mtu wa sala ndefu. Lakini kuuliza kama mjane wa bondeni kaezekewa paa, hilo hakulijua. Huyu wa simu aliuliza. Nikawaambia wenzangu, anayetuandikia ni mwanamke, na mwanamke huyo ana kilio hajakilia."

"Mbona mliendelea kuuliza mwalimu atakuja lini?"

"Hatukumuuliza yeye. Tulikuwa tunakuita wewe."

Sindano akalishika benchi la karibu. Fundi akamshika kiwiko.

"Ila uongo ni uongo, sikufichi," Bibi akaendelea. "Aliyefufuka ni mmoja tu. Wewe ulitaka kututengenezea wa pili. Na sisi tukanyamaza, tukakuacha uteseke huko peke yako. Utusamehe."

"Niliogopa mtarudi nyuma."

"Kwani tulimfuata mumeo? Mumeo alituonyesha njia, akapita. Watazame wale wa mabenchi ya mwisho. Hawakuwahi kumwona. Tumewafundisha sisi, kwa yale uliyotuandikia. Sasa njoo tumlilie mtu wetu, hajaliliwa huku."

Wakamlilia. Jamani, walimlilia! Na Sindano, ambaye siku ya maziko alikuwa na simu mkononi hata chozi halikupata nafasi, akamwita mumewe kwa jina la nyumbani, lile ambalo watu wa kanisani hawakulijua, mpaka sauti ikamkauka. Alipotulia akasikiliza. Hakuna aliyehema begani.

Baadaye wakasimama nje, yeye na fundi.

"Bibi anataka nibaki," Sindano akasema. "Wanaotaka kubatizwa wapo, wa kuwafundisha hakuna. Na mimi, fundi... nimesikia nikiitwa. Safari hii si yeye."

"Ukibaki nakufuata. Pikipiki hata huku zinaharibika."

"Unanifuata mimi?"

"Si ndiyo mapenzi hayo?"

"Ukinifuata mimi, siku nikifa utabaki unaiandikia simu."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na oili.

"Basi nifundishe huyo wa kumfuata. Ila polepole, kichwa changu kimejaa vyuma."

"Vyuma vyenyewe nitavichomea moto."

"Na harusi?"

"Harusi ipo. Kwanza somo."

Ndani watu walikuwa wamekwisha keti tena, wanangoja. Nafasi ilikuwa imebaki benchi la mbele tu, la watoto.

"Kaa hapo," akamwambia.

Watoto wakasogea wakicheka. Fundi akaketi, magoti yakamfika kidevuni. Sindano akawatazama wote, akamtazama na yeye, akaanza.